Msiisingizie korona

Najua ukumbi huu umelala muda mrefu. Si kwamba nimewasahau, ni zamu za usiku mfululizo, na mwili wenyewe sio ule wa miaka ishirini. Mnaoulizia mvua ya Durban, inanyesha. Mnaoulizia mume, endeleeni kuulizia! Haya, tuendelee.

Kuna swali limenifikia mara tatu sasa: mbona zile picha za Jumamosi siku hizi hamna? Zile za klabu yangu ya kukimbia, tumekaa barazani, moshi wa nyama nyuma yetu, vikombe vimepangwa ukutani. Jibu ni kwamba lile jengo hatuna tena. Tuliliachia mwaka 2021. Klabu ipo, lakini tunakutania kwenye maegesho ya magari karibu na ufukwe, kila mtu na chupa yake ya maji. Na ukimuuliza mwanachama yeyote imekuwaje, atakujibu neno moja tu: korona. Nenda kwa wazee wanaoviringisha matufe kwenye nyasi, korona. Nenda kwa watu wa kriketi, korona. Vijana wanaojitolea kuokoa watu baharini, korona. Limekuwa kama lile jibu la kwetu la "amerogwa", ukishalisema hakuna tena maswali.

Sasa mimi hiyo korona naijua. Nimeivalia gauni la plastiki saa kumi na mbili bila kunywa maji, nimewapigia watu simu kuwaambia mama yao hayupo tena. Makosa yake ni mengi na makubwa. Ndiyo maana nakereka kuona anabebeshwa na hili ambalo si lake. Klabu nyingi za huku hazikuuawa na korona. Zilikuwa zimeshakufa zinatembea, korona ikaja ikazigusa kidogo tu zikaanguka.

Ngoja niwaeleze pesa ya klabu inavyokwenda, maana huko nyumbani wengi mnadhani Wazungu na Wahindi wa huku wana klabu kwa sababu wana pesa. Klabu ya kawaida ya Durban ina matumizi ya aina mbili. Kuna yale yanayokuja mkifanya kitu: maji ya kunywa siku ya mbio, petroli, medali. Halafu kuna yale yanayokuja hata mkilala: kodi ya jengo, umeme, bima, mshahara wa anayetunza jengo. Na mapato nayo ni hivyo hivyo. Kuna ada ya mwaka, ambayo inaingia mkimbie msikimbie, na kuna pesa inayoingia watu wakija, yaani baa ya klabu, kukodisha ukumbi kwa harusi, na ile mbio moja kubwa ambayo kila klabu huandaa kwa mwaka na kutoza kiingilio.

Ya kwetu sisi ada ilikuwa chini ya bei ya jozi moja ya raba. Ukitoa namba ya usajili ya mkoa na singleti, hapabaki kitu. Kwa hiyo kodi ililipwa na nini? Na bia! Bia na mbio ya mwaka. Miaka na miaka watu tulikuwa tunajisifu kwamba klabu yetu ni ya bei rahisi, wala haikuwa rahisi, ila kuna mtu mwingine alikuwa anatulipia kwenye kaunta.

Halafu ukaja mwaka 2020. Tarehe 15 Machi Rais Ramaphosa alitangaza hali ya maafa, mikusanyiko ya zaidi ya watu 100 marufuku. Mbio zote za barabarani zikafa siku hiyo. Tarehe 27 Machi tukafungiwa ndani, na pombe isiuzwe kabisa. Hata kukimbia nje ilikuwa marufuku, watu walikimbia kuzunguka kitanda! Kuanzia Mei mosi tukapewa saa tatu tu za asubuhi, kumi na mbili hadi tatu, na usizidi kilomita 5 kutoka nyumbani. Comrades, zile mbio za Durban na Pietermaritzburg za kilomita kama 90 ambazo zilianza mwaka 1921, zilikuwa zifanyike tarehe 14 Juni. Zikafutwa, mara ya kwanza tangu Vita vya Pili vya Dunia, na mwaka 2021 zikafutwa tena. Zilirudi tarehe 28 Agosti 2022. Kwa mji huu kufutwa kwa Comrades ni kama mtuambie Tanga hakuna Maulidi.

Juni mosi 2020 pombe ikaruhusiwa, lakini ya kununua na kwenda nayo nyumbani. Kunywea klabuni hapana. Tarehe 12 Julai ikapigwa marufuku tena yote. Ndipo tarehe 18 Agosti baa zikafunguliwa. Hesabuni wenyewe: siku 144 kaunta haijatoa hata chupa moja. Na haikuishia hapo, ilifungwa tena kuanzia mwisho wa Desemba 2020 hadi Februari mosi 2021, na tena kuanzia mwisho wa Juni hadi tarehe 25 Julai 2021, na katikati yake mwezi huo wa Julai maduka na maghala ya Durban yakaporwa na kuchomwa.

Wenzetu wa baharini ndio walipigwa zaidi. Klabu zao zinajitolea kulinda waogaji wikiendi na sikukuu, na Desemba ndiyo mavuno yao, Durban inajaa watu kutoka Johannesburg kama siafu. Fukwe zilikuwa zimefungwa hadi Agosti, halafu tarehe 14 Desemba 2020 likatoka tangazo: fukwe za KwaZulu-Natal zifungwe tarehe 16, 25, 26 na 31, na tarehe 1, 2 na 3 Januari. Yaani siku zote za pesa! Kabla hata mwezi haujaisha zikafungwa moja kwa moja hadi Februari. Klabu hizo zinafundisha watoto kuogelea na kuokoa, na wengine ni watoto wa uswahilini ambao wazazi wao hawawezi kulipa. Somo la mtoto huyo nalo lilikuwa linategemea bia ya mtu mzima anayetazama bahari kutoka ghorofani. Kaunta ikifungwa, mtoto harudi majini. Mimi hilo ndilo linaloniuma kuliko vikombe vyetu vya ukutani.

Hapa ndipo wenzangu huruka na kusema: umeona? Si serikali hiyo imetuua kwa kufunga pombe! Samahani sana. Mimi nafanya kazi idara ya dharura. Kabla ya marufuku, Jumamosi usiku ilikuwa visu, chupa, ajali, wanawake waliopigwa, wote kwa foleni. Pombe ilipofungwa, foleni ile ikakatika kama mtu amefunga bomba. Mkesha wa mwaka mpya wa 2021 picha ya chumba cha majeruhi cha hospitali ya Baragwanath kule Soweto kikiwa kitupu ilizunguka nchi nzima, na sisi Durban hatukuhitaji picha, tulikuwa tunajionea. Vitanda vile tulivihitaji kwa watu wasioweza kupumua. Hewa ya oksijeni haitengenezwi kwa kulalamika. Nasema hadharani, na walionikasirikia klabuni wanajua: marufuku ile ilikuwa sahihi kwa muda ule, na klabu ambayo haiwezi kuishi bila watu kulewa wiki chache haikuwa klabu ya michezo, ilikuwa baa yenye watu wanaokimbia.

Najua huo ni ukali. Nina sababu ya ukali.

Klabu yetu ilikuwa na mfanyakazi mmoja. Mmoja! Baba wa Kizulu, ana miaka hamsini na kitu, jina lake sitaliweka hapa. Alikuwa anafungua geti saa kumi alfajiri kabla hatujafika, anakata nyasi, anasafisha vyoo, anatuchekea sote na kutuita watoto wake. Serikali hapa ilianzisha mpango wa kuwafidia wafanyakazi waliosimamishwa wakati wa kufungiwa, pesa ilitoka mfuko wa bima ya kukosa kazi, na kiwango cha chini kilikuwa randi 3,500 kwa mwezi. Lakini mwanzoni, ili upate, ilibidi mwajiri awe amekuandikisha na anakukatia michango. Klabu yetu haikuwa imemwandikisha. Miaka yote ile! Tulikuwa na kamati ya singleti, kamati ya nyama choma, kamati ya kupanga kombe lipi likae wapi, hatukuwa na mtu wa kujaza fomu ya yule baba. Kwa hiyo alikosa. Akabaki na ile posho ya serikali ya randi 350 iliyoanza Mei, na mchango wetu wa WhatsApp ambao mwezi wa kwanza ulikuwa mzuri, wa pili nusu, wa tatu tukaanza kuandika "Mungu akubariki Baba" na vikaragosi vya mikono.

Na mwezi huo huo wa tatu wanachama wetu walikuwa wanalipia mbio za kwenye simu, unakimbia peke yako uani kwako, unatuma muda wako, unapewa medali kwa posta! Pesa ya medali ilikuwepo. Sasa niambieni, hapo virusi vimeingia wapi? Kirusi ndicho kilichokataa kujaza fomu?

Nitawapa mfano mwingine, mtacheka. Kuna daktari mmoja kazini kwetu ana mchezo wa kurusha ndege zisizo na injini. Ndiyo, zipo. Zinaitwa glaida. Zina mabawa marefu membamba, zinavutwa na ndege yenye injini au kwa kamba ndefu inayokunjwa na mashine chini, halafu zinaachiwa, rubani anatafuta hewa ya moto inayopanda, kama mwewe mnavyomwona akizunguka bila kupiga mbawa. Klabu yao iko mbali na pwani, bara huko kwenye vilima. Nilipomsikia mara ya kwanza nikasema haya ni mambo ya watu waliochoka kuhesabu pesa. Na ni kweli si mchezo wa maskini, hilo sitawadanganya.

Lakini siku moja usiku, wodi imetulia, nikamuuliza: nyie mliishije 2020? Maana nao walifungiwa chini, ndege zikakaa bandani. Na ndege haijali kama kuna korona, bima inataka, ukaguzi wa mwaka unataka, banda linataka kodi. Akanieleza kwa utulivu kabisa. Kwao ada ya mwaka imepangwa ilipe vile vitu vya lazima, bima, banda, ukaguzi. Pesa ya kuvutwa angani inalipa mafuta na matengenezo ya kuvuta, basi. Kwa hiyo walipoacha kuruka, pesa ya kuvutwa ikakoma, na mafuta nayo yakakoma. Zile za lazima zikaendelea kulipwa na ada, maana wanachama waliendelea kulipa ada wakiwa wamekaa nyumbani. Shida yao ilikuwa kwingine. Wageni wanaonunua vocha ya kuruka mara moja hawakuja, na wanafunzi wapya hawakuweza kufundishwa, kwa kuwa mwalimu na mwanafunzi wanakaa kwenye kijumba kimoja chembamba wanapumuliana. Uingereza nako, waliporuhusiwa kurudi angani Mei 2020, ilianza mtu mmoja mmoja peke yake, kufundisha kukasubiri. Hasara hiyo ya wanafunzi inakuja polepole, unaiona baada ya miaka. Lakini klabu haikufa.

Mtasema, si kwa sababu ni matajiri. Sawa, utajiri unasaidia, nani anakataa? Na Uingereza serikali iliwapa ruzuku ya pauni 10,000, wengine hadi 25,000, wenye majengo ya biashara ndogo na burudani, na klabu za michezo zilikuwemo. Huku kwetu wizara ilitenga randi milioni 150 Machi 2020, zikiwalenga wasanii na wanamichezo ambao kazi zao zilifutwa, si klabu ya mtaani yenye paa linalovuja. Hayo yote kweli. Ila klabuni kwetu tulikuwa na wahasibu wawili, wakili, na madaktari wa meno wasiopungua watatu, na magari ya Jumamosi pale nje yangeweza kulipa kodi ya jengo miaka kumi. Hatukushindwa kwa umaskini. Tofauti ni kwamba yule daktari wa glaida akilipa ada anajua analipia kitu gani. Sisi tulikuwa tunalipa ada kama mtu anayetoa sadaka ya sarafu, halafu tunadai huduma ya hoteli.

Kwenye mkutano mkuu wa 2021, uliofanyika kwa Zoom na nusu ya watu wamezima kamera, nilisimama, yaani nilikaa, nikasema tupandishe ada na tuweke akiba ya miezi sita isiyoguswa. Nikajibiwa na dada mmoja ambaye namheshimu, anafanya kazi za ndani kwenye nyumba za watu, anakimbia kuliko sisi wote. Akasema: mkipandisha, mimi nitatoka. Wengine wote nimewajibu kwa ukali lakini huyu sina ukali naye, maana hoja yake ndiyo nzito kuliko zote. Klabu za kukimbia za nchi hii zina uzuri huo, mlinzi wa usiku na jaji wanavaa singleti moja. Nilichosema, na bado nasema, ni kwamba huyo dada alikuwa hakai kwenye baa, anawahi taksi. Klabu ilikuwa inamhudumia kwa pesa ya wanywaji bila kumwambia, na siku wanywaji walipozuiwa, akawa wa kwanza kuambiwa hakuna basi la kwenda mashindanoni. Huo wema gani unaokatika pamoja na bia? Afadhali iandikwe wazi kwenye kanuni: mwenye mshahara huu analipa hiki, mwenye kidogo analipa kidogo, na pengo tunalijaza sisi wengine tukijua tunalijaza. Ilipita kwa kura chache. Kuna waliotoka kwa hasira, na wengi wao, jamani, si waliokosa pesa. Jengo lilikuwa limeshaondoka tayari. Yule dada alibaki.

Sasa nije nyumbani, maana najua kuna watu wanasoma wanasema "haya ya Wazungu yanatuhusu nini".

Kwenye kundi letu la WhatsApp la mtaani Makorora umezunguka ujumbe kwamba timu ya vijana inafufuliwa, "iliyouawa na korona", na sisi tulio nje tuchangie jezi, mipira na nauli. Kaka zangu, nawapenda. Lakini korona iliiuaje timu ya Tanga? Tanzania hamkufungiwa ndani. Ligi Kuu ilisimama tarehe 17 Machi 2020, ikaendelea Juni, na ndondo za mitaani mkacheza kama kawaida, mlikuwa mnanitumia picha mimi nikiwa nimefungiwa! Timu ilikufa kwa sababu ilikuwa na mfadhili mmoja, yule bwana wa malori. Mei 2020 Kenya ilipofunga mpaka kwa watu na kubakiza mizigo, madereva wakawa wanapimwa kwanza, malori yakapanga foleni Horohoro na kwingineko siku nyingi. Biashara ya bwana ikayumba, akaacha kutoa pesa ya nauli na chakula, na ndani ya miezi miwili timu haipo. Hata mchezaji mmoja hakuwahi kulipa ada ya shilingi mia. Mfadhili wenu ndiyo ile baa yetu, tofauti yake anaswali.

Na mnachotaka sasa ni kumtoa bwana wa malori na kuniweka mimi na wenzangu wa Muscat na London mahali pake. Yaani timu itegemee zamu zangu za usiku. Nikiugua? Mkataba wangu usipoongezwa? Wageni hapa Durban tunaishi kwa karatasi, kila mwaka una hofu yake, na shangazi yangu anajua ni mara ngapi nimeshindwa kutuma hata ya dawa.

Kwa hiyo jezi sitanunua. Mjomba, najua utanipigia, nitapokea na jibu litakuwa hili hili. Nitakachofanya ni kulipa ada kama mwanachama, kiasi kile kile atakacholipa kijana wa bodaboda wa Makorora, na kama mtaweka daraja la walio nje nilipe zaidi, nitalipa zaidi, bora liandikwe. Kwanza mpangeni ada ya mwezi, hata iwe ya soda moja. Chagueni mhazini, ikiwezekana dada, nasema bila aibu. Pesa ya uwanja na ya kipa akivunjika kidole itoke kwenye ada, msimwombe mtu. Na yule mzee anayefua jezi, ambaye najua mnamlipa kwa "Mungu atakulipa", aandikwe malipo yake mstari wa kwanza kabisa, juu ya mipira.

Daftari likishakuwa na miezi mitatu ndani yake, lipigeni picha kurasa zote, mnitumie. Naingia kazini kesho saa moja usiku hadi asubuhi, siku nne mfululizo, matusi yenu nitayasoma Jumapili.